Kwa nini wamonaki wa Finchale waliziba wenyewe matao ya kanisa lao?

MwalimuWaPasua (Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Nimefundisha historia kidato cha tatu na cha nne kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, nipo hapa Pasua, na Jumamosi vijana sita wa jirani huja barazani kwangu na madaftari yao. Nina swali linaloninyima usingizi, na anayejua naomba asinijibu kwa haraka.

Binti yangu wa mwisho anasoma Durham, kaskazini mwa Uingereza. Mwezi uliopita alifuata mto Wear kwa miguu na wenzake, wakapita msitu wa Cocken, wakavuka daraja la miguu, wakafika Finchale. Ni magofu ya nyumba ndogo ya wamonaki Wabenedikto. Mto pale unajipinda, na kuta zimekaa ndani ya kombo la maji. Paa hakuna, nyasi ndiyo sakafu. Alinitumia picha 17 kwa WhatsApp, akajua nitakaa nazo usiku kucha, na kweli nilikaa nazo.

Picha ya tisa ndiyo iliyonikamata. Ni ukuta mrefu wa kanisa. Ndani ya ukuta unayaona matao makubwa, mawe yamechongwa kwa ustadi, tao baada ya tao. Lakini kila tao limezibwa. Mtu amepanga mawe mle ndani hadi juu, akaacha dirisha katikati.

Nikamwandikia bila kusita kwamba hiyo ni kazi ya Mfalme Henry VIII. Ndivyo nilivyofundisha miaka yote: 1534 mfalme anavunja uhusiano na Papa, 1536 inapitishwa sheria ya kufunga monasteri ndogo zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka, zinafuata kubwa, madini ya risasi yanachunwa kwenye mapaa na kuyeyushwa, mashamba yanagawiwa. Binti akanijibu: "Hapana mama. Wameziba wenyewe. Karne ya 14."

Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Henry! Nimeshindwa kuelewa. Huku kwetu mlimani mababu walibeba mawe ya kanisa kichwani kutoka mtoni, mstari wa watu kama siafu. Kanisa likijaa tunaongeza kibanda cha turubai, baadaye tunajenga upande mwingine. Kuongeza tunakujua. Watu waliobomoa ubavu wa kanisa lao, wakaziba, wakaendelea kusali ndani, sijawahi kuwasikia. Ni umaskini? Ni ile tauni kubwa ya 1348 na 1349? Ni vita? Au imani ilikuwa imepoa?

Nauliza kwa sababu vijana wangu wameandika kwenye madaftari kwamba Henry ndiye aliyezibomoa nyumba hizi zote. Ikiwa nimewaambia nusu, nataka niwape na nusu ya pili.

FundiMawe (Sakina, Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Mimi si msomi wa historia. Nachonga na kujenga mawe tangu nikiwa na miaka 16, marehemu baba alinifundisha. Nimeikuza hiyo picha ya tisa kwenye simu hadi macho yakauma, kwa hiyo nitasema kile ambacho ukuta wenyewe unasema.

Kwanza, aliyeziba matao hakuwa adui. Mtu aliyekuja kuvunja hana muda wa kuchonga fremu ya dirisha. Angalia hayo madirisha yaliyoachwa katikati ya kila tao. Juu yake kuna mawe yaliyopindwa kama majani. Jiwe moja la namna hiyo linakula siku kadhaa za fundi mzuri na tindo kali. Hiyo ni gharama. Anayelipa gharama hiyo anataka mwanga umwingie mtu anayesali ndani, kesho na miaka mingi ijayo.

Pili, tazama pale nguzo inapokutana na mawe ya kuziba. Kuna mstari ulionyooka toka chini hadi juu. Ukuta uliojengwa kwa pamoja mawe yake hushikana, hili linaingia huku, lile linaingia kule. Hapa hayajashikana. Nguzo ni ya zamani, zibo ni la baadaye. Hata asiyejua tarehe ataona kwamba zamani ulikuwa unapita katikati ya nguzo hizi kwenda upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na nafasi yenye paa lake. Nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa.

Tatu, na hili nalisema kama fundi: paa pana ni ugonjwa usioisha. Kila mahali paa la ubavuni linapogusa ukuta mkubwa, maji yanatafuta njia. Mvua ya mwaka mzima ya kule, barafu, mbao zinaoza. Ukiondoa mapaa mawili marefu ya ubavuni na ukaziba matao, umepunguza matengenezo karibu nusu, na kanisa limebaki zima. Mimi nilishamshauri mzee mmoja wa kanisa hapa Arusha afanye hivyo hivyo kwenye jengo la zamani. Alikasirika sana, alidhani namwambia abomoe nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo Mwalimu, sioni imani iliyopoa pale. Naona watu waliokaa chini, wakahesabu, wakaamua.

KijanaUsaRiver

Naomba niulize kwa heshima. Nimesoma mahali kwamba Finchale ilikuwa nyumba ya mapumziko, wamonaki wa Durham walikuwa wanakwenda pale kwa zamu kula bata. Kama ni kweli, si ndiyo sababu kanisa likapunguzwa? Watu wa likizo hawahitaji kanisa kubwa. Na si ndiyo sababu Henry alipata kisingizio?

MzeeWaUru (Moshi Vijijini)

Mwalimu, habari za siku nyingi, nakusoma sana humu. Fundi, nimekuelewa kuliko vitabu. Kijana, usiondoke, nitafika kwako.

Niliishi na Wabenedikto kule Songea nikiwa kijana, miaka minne, kabla sijatambua kwamba wito wangu ulikuwa mwingine. Kengele ya alfajiri bado naisikia. Nitaeleza kwa kuanzia pale tunapochanganya, yaani jina. Abasia ni monasteri inayoongozwa na abate, yaani mkuu wa ngazi ya juu. Nyumba yenye priori, mkuu wa ngazi ya chini yake, mara nyingi ni ndogo na iko chini ya nyumba mama. Lakini Durham yenyewe, pamoja na ukubwa wake, iliongozwa na priori, kwa sababu lile ni kanisa la askofu, na kiti cha abate kilihesabiwa kuwa cha askofu. Wamonaki waliwekwa pale 1083. Chini yao walikuwa na nyumba ndogo kadhaa: Kisiwa cha Lindisfarne, Jarrow alikoishi Beda, mmonaki mwanahistoria, Wearmouth, nyingine mbali hadi Stamford na Oxford. Finchale ilikuwa moja ya hizo, tena jirani kabisa, unatoka Durham baada ya chai na kufika kabla jua halijawa kali.

Sasa, nani alianza pale? Mchuuzi. Mtakatifu Godric alizaliwa Norfolk katika familia ya kimaskini kabla ya 1070 hivi. Alianza kwa kutembeza bidhaa ndogo ndogo kijiji kwa kijiji kama wamachinga wetu, akapanda hadi kuwa mfanyabiashara wa baharini mwenye sehemu katika meli. Aliona fedha. Akaenda hija Yerusalemu, akaenda Santiago, akaenda Roma, na safari moja ya Roma alikwenda na mama yake mzazi, mama akitembea peku. Baadaye akaacha yote. Akiwa mtu mzima alikaa darasani na watoto pale Durham ili ajifunze kusoma zaburi. Mwanzoni mwa karne ya 12 akapewa ruhusa na Askofu Ranulf Flambard kukaa kwenye kombo lile la mto, ambalo lilikuwa eneo la uwindaji la askofu. Akakaa pale kama miaka 60, peke yake kwa sehemu kubwa. Wanasema usiku wa baridi alisimama ndani ya maji ya Wear hadi shingoni akisali. Siku moja wawindaji wa askofu walimfukuza kulungu, mnyama akakimbilia kibanda chake. Godric akamfungia ndani. Wawindaji walipofika na kuuliza, alisema Mungu ndiye ajuaye alipo.

Alifariki tarehe 21 Mei 1170, akiwa mzee sana. Mmonaki wa Durham aitwaye Reginald, aliyemtembelea mara nyingi, ndiye aliyeandika maisha yake. Na ndani ya maandishi hayo kuna nyimbo chache za Godric kwa Kiingereza cha wakati ule, zikiwa na alama za sauti zake. Ni nyimbo za zamani kuliko zote za Kiingereza ambazo muziki wake umebaki. Zimetoka kwa mchuuzi, kwenye kibanda kando ya mto. Mimi jambo hili hunifanya ninyamaze kidogo kila ninapolikumbuka.

Baada ya kifo chake Durham iliweka wamonaki wawili pale kutunza kaburi. Nyumba kamili ilianzishwa 1196, na hapa historia ina kona. Askofu Hugh du Puiset alikuwa na mtoto wa kiume, Henry, siye yule mfalme. (Msinishangae, ilikuwepo.) Henry alikuwa ameanzisha nyumba ya watawa wa Augustino karibu na mji, mahali panapoitwa Baxterwood. Wamonaki wa Durham hawakutaka majirani hao hata kidogo. Baba alipofariki 1195, mtoto alibaki bila mgongo wa kuegemea, wakambana, akakubali mali ile yote ihamishiwe Finchale kwa Wabenedikto. Kwa hiyo mali iliyoijenga Finchale ilitokana na ugomvi. Kanisa kubwa lenye matao ya Mwalimu lilijengwa karne ya 13, mahali pale pale palipokuwa na kanisa dogo la mawe la Godric. Alama za msingi wa kanisa lile dogo zimewekwa chini, ndani ya sehemu ya altare. Mwalimu, mwulize binti kama aliziona.

Sasa Kijana. Ni kweli, kufikia karne ya 14 Finchale ilikuwa na priori na wamonaki wachache wa kudumu, na wengine wanne walikuwa wanakuja kutoka Durham kwa zamu ya majuma matatu. Lakini ngoja nikwambie kula bata kwao kulikuwaje. Utaratibu ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 15 ulisema hivi: kati ya wale wanne, wawili kila siku wako zamu kwenye sala zote pamoja na wenyeji, na wawili wako huru kutembea mashambani, kwa adabu. Kesho wanabadilishana. Ndiyo likizo yenyewe hiyo. Siku moja unatembea kando ya mto, siku ya pili unaamka usiku wa manane kuimba zaburi.

Ungekuwa umelala miaka ishirini kwenye bweni moja, ukila meza moja na watu wale wale, ukiimba zaburi zote 150 kila juma, ungejua thamani ya kutembea mashambani alasiri moja. Nilikuwa na mzee mmoja kule Songea, mtaalamu wa useremala, kila mwaka alipewa siku chache kwenda kukaa kwenye shamba la mbali. Alirudi uso umenawiri. Hakuwa amefanya chochote kule zaidi ya kutembea.

MwalimuWaPasua

Mzee wangu, asante. Na Fundi, Mungu akubariki, nimeirudia picha nikauona ule mstari wa wima, sasa siwezi kuacha kuuona.

Lakini bado kuna kitu. Kama nyumba ilikuwa ya watu wachache tangu mwanzo, kwa nini karne ya 13 walijenga kubwa hivyo? Anayejenga vyumba kumi anasubiri wageni.

MzeeWaUru

Umesema mwenyewe, Mwalimu. Walisubiri wageni, na wageni walikuwa wanakuja. Hasa wanawake.

Ndani ya kanisa kuu la Durham kuna kaburi la Mtakatifu Cuthbert, mlinzi wa kaskazini yote. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kulikaribia. Mpaka leo sakafuni, karibu na mlango wa magharibi, kuna mstari wa marumaru nyeusi. Mwanamke aliishia hapo. Angeweza kutoka kijijini na mtoto mgonjwa mgongoni, akafika, akasimama kwenye mstari, akatazama kwa mbali. Godric hakuwa na mstari. Ndiyo maana katika orodha ya walioponywa kwenye kaburi la Finchale wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Miujiza hiyo iliandikwa zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya kifo chake. Maoni yangu ni kwamba walijenga kwa ajili ya msafara ambao baadaye ulipungua. Ongeza vita na Waskoti, kwani pigano la Neville's Cross la 1346 lilifanyika nje kidogo ya Durham, na kabla yake kaskazini yote ilikuwa inaporwa na kulipa fedha ili isichomwe. Ongeza tauni iliyofika huko 1349. Mashamba yakakosa walimaji, mapato ya Durham na nyumba zake yakashuka. Kanisa pana hivyo, watu wachache ndani, mapaa yanavuja. Ndipo hesabu ya Fundi inapoingia.

Na kuna jambo ambalo hamjaliona kwenye picha. Ubavu wa kaskazini wa sehemu ya magharibi ya kanisa, walikosimama waumini, waliubomoa, lakini wa kusini hawakuubomoa wote. Upande huo kanisa linapakana na ua wa ndani. Ule ubavu waliugeuza kuwa ushoroba wa ua. Yaani pale walipokuwa wanapita mahujaji, wakawa wanatembea wamonaki wakisoma. Hawakupoteza hata kipande.

FundiMawe

Mzee, hilo la ushoroba limenifurahisha sana. Hiyo ni akili ya fundi, siyo ya mkubwa wa nyumba. Naweza kuwaona wamesimama pale, fundi mkuu na mfuko wa zana, anamwambia priori, "Baba, huu usiuvunje, paa lako la ua tayari unalo."

MwalimuWaPasua

Nimempigia binti jana usiku. Nilimuuliza kuhusu mstari mweusi wa Durham. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, mimi hupita pale kila Jumapili. Nilidhani ni pambo."

Nimemweleza. Akaniuliza kama bibi yangu angeruhusiwa. Nikamwambia bibi yako mkuu angeishia kwenye mstari, angegeuza, angetembea hadi Finchale kwa mchuuzi.

Kijana wa Usa River, uliuliza kuhusu kisingizio cha Henry, nisikuache hewani. 1535 wajumbe wa mfalme walizunguka nchi nzima wakiandika mapato ya kila nyumba, na wengine wakikusanya habari za tabia za watawa. Kwa nyumba kama Finchale kilichoamua hatima kilikuwa kiasi cha mapato na utegemezi wake kwa Durham, wala si kwamba watu wanne walikuwa wakitembea mashambani. Ilifungwa ndani ya miaka hiyo ya 1530, na Durham yenyewe ilisalimisha funguo tarehe 31 Desemba 1539. Kanisa kuu likapangwa upya 1541 chini ya mapadri wasio wamonaki, na ardhi ya Finchale ikawa yao. Kwa hiyo Henry yumo, vijana wangu hawakuandika uongo. Paa ni yeye. Matao siyo yeye.

Jumamosi nitawachorea ukuta ule ubaoni, nguzo kwa rangi moja na zibo kwa rangi nyingine, kama Fundi alivyonionyesha. Sitawaambia tarehe. Nitawauliza kipi kilitangulia.

KijanaUsaRiver

Nimekuelewa Mwalimu, na Mzee pia. Nafuta neno langu la bata. Naomba kuuliza tu: hesabu za nyumba hiyo zimebaki? Kama walihesabu, waliandika.

MzeeWaUru

Zimebaki nyingi, tangu mwanzo wa karne ya 14. Zilichapishwa pamoja na hati zake 1837, kwa Kilatini. Kila mwaka priori aliandika alichopokea na alichotumia, nafaka, samaki, matengenezo, madeni anayodai na anayodaiwa. Nimezisoma kurasa chache kwa shida, Kilatini changu kimeshika kutu. Kinachonigusa ni kwamba mtu aliyekuwa anaimba alfajiri ndiye huyo huyo mchana anaandika bei ya misumari.

FundiMawe

Mwalimu, ombi moja. Binti akirudi pale, apige picha ya chini kabisa, pale zibo linapokaa ardhini kati ya nguzo mbili. Nataka kuona kama walichimba msingi mpya au walipanga mawe juu ya sakafu ya zamani. Ikiwa ni juu ya sakafu, walikuwa na haraka au fedha ilikuwa imekatika. Ikiwa walichimba, walikuwa na utulivu. Aweke kiatu chake kando ya ukuta nipate kipimo.

Na mwambie asipande juu ya ukuta kutafuta picha nzuri. Mawe ya kando ya mto yanakuwa na ukungu, yanateleza kuliko sabuni.

MwalimuWaPasua

Nimemtumia ujumbe wako kama ulivyo, Fundi, hadi neno la sabuni. Amesema anakwenda Jumapili baada ya misa, na atavaa buti.